Koti la Wageni

Saa moja asubuhi Devota Matonya alijifunga kitenge cha pili mabegani, akaingia kwenye kontena la baridi la shamba moja la majaribio huko Mlali. Ndani mlikuwa na nyuzijoto nne na trei sitini za ngano ya nchi za theluji. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia koti zito la bluu. Lilikuwa koti la wageni, na Devota hakuwa mgeni. Alikuwa na miaka mitatu ya kazi pale na miaka miwili ya kikohozi.

"Ngano haina ujinga, dada Devota," mtaalamu wao, William, alimweleza. "Ikiona baridi inapunguza kukua, inajaza sukari majanini ili isigande. Hapo tunasema imekomaa."

"Na koti langu, kaka William?"

"Wafadhili wanakuja Julai. Wakiridhika, utalipata."

"Haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wiki ya pili ya Juni, Devota akawa mtamu. Alitoa sisimizi kwenye kikombe chake kwa kidole, akanywa, akakunja uso.

"Dada Batuli, leo umemwaga sukari."

"Sukari gani? Imeisha tangu jana," alijibu Batuli, mpishi wa chai, mtu wa Kondoa asiyependa kusingiziwa. Alionja, akatikisa kichwa, akamletea na vikombe vya wengine avikoroge kwa kidole. Vidole vya Devota vilikuwa baridi mno kuhisi moto. Tangu siku hiyo Batuli hakununua sukari tena. Nyuki nao walianza kumngoja Devota nje ya kontena, wakimsindikiza chooni na kumrudisha. Kikohozi hakikuondoka, ila sasa kilinukia asali.

William alimkata ukucha, akausaga kama alivyosaga majani, akapima sukari yake. Alifurahi kupata sampuli moja zaidi. Kwenye ripoti alikuwa ameandika: *Ngano imekomaa. Haihitaji kufunikwa.* Chini yake akaongeza: *Devota amekomaa. Hahitaji kufunikwa.*

Julai wageni wanne walifika na koti lilikuwa moja, kwa hiyo walipokezana. Bi Ruthu, mkuu wao, alikaa ndani dakika tatu, akatoka meno yakigongana. Alikunywa vikombe viwili vya chai ya Devota, akaisifu.

Devota hakuwa mtu wa kuuma maneno. Alisimama mbele yake.

"Shikamoo, mama. Mimi hukaa mle kwa saa sita kila siku. Naomba koti."

"Marahaba." Bi Ruthu alipitisha kidole kwenye ripoti. "Mbona hapa imeandikwa umekomaa?"

"Hiyo ni lugha ya ngano, mama. Mimi nasikia baridi."

"Hongera sana," alisema Bi Ruthu, na aliisema kwa moyo wote. Alivua koti, akamkabidhi alirudishe mahali pake.

Lilikuwa bado na joto la mgeni. Devota alilikumbatia kifuani. Kisha akalitundika kwenye msumari, akakaza kitenge, akashika ndoo ya kumwagilia.

Saa kumi Batuli aligonga ukuta wa kontena.

"Devota! Njoo basi, chai haina sukari!"