Kiwanja Kilichohama

Kosa lilikuwa langu, nalisema mapema. Kwenye kikao cha kugawa kiwanja cha marehemu mjomba, mimi ndiye niliyepewa kalamu, eti kwa sababu nina diploma. Watoto wake ni wawili: kaka, mwenye duka la vipuri, na dada, fundi cherehani. Kaka alisema kiwanja chote kibaki kwake. Dada akatazama vidole vyake, hakusema kitu. Nikaandika, "Dada amekubali." Chai ilikuwa inapoa.

Jumapili moja mchungaji akafundisha kwamba wapole wana heri, ardhi ni urithi wao. Kaka, kiti cha mbele, aliitikia amina kuliko wote.

Jumatatu asubuhi kiwanja kikaanza kuhama. Kwanza kilikuja kipande cha pale bombani, bado kibichi, kikajilaza mbele ya chumba alichopanga dada, mitaa mitatu kutoka kwao. Jumatano ukaja mpapai, na kuku amelala chini yake. Kufikia Ijumaa nyumba ya kaka, iliyojengwa kiwanjani hapo, ilikuwa hewani, kimo cha meza, na mkewe alishukia stuli kwenda kuanika nguo. Majirani wa dada walilalamika tu kwamba udongo umeziba mtaro.

Kaka alikuja na toroli.

"Dada, udongo wangu uko kwako."

"Nimeuona, kaka. Karibu."

Akafunika cherehani, akachukua koleo, akamsaidia kupakia. Hata kuku alimbeba yeye.

Hapo ndipo tulipochanganyikiwa. Mchungaji aliitwa, akauzunguka mpapai mara mbili. Nikamuuliza aliyekosea ni nani, udongo au dada. Maana mpole akidai, upole uko wapi? Na asipodai, urithi unarudi kwa toroli. Akasema swali ni zuri. Huwa anasema hivyo akikwama. Kaka yeye hakukwama. Alitoa ile karatasi yangu, ameshaitia plastiki.

Sasa ni mwezi wa pili. Alfajiri kiwanja kinakuja, jioni kinarudishwa. Toroli limeshabadilishwa tairi. Dada naye amepewa notisi: chumba kinatakiwa mwisho wa mwezi, na hana pa kuweka cherehani.

Jana jioni tulikuwepo wote, mchungaji pia. Toroli lilikuwa limejaa. Dada akachomeka koleo kwenye udongo, akanigeukia, akasema kwa sauti ileile anayoombea uzi dukani.

"Binamu, lile neno uliloandika, naomba ulifute. Sikukubali. Nilinyamaza tu."

Kaka aliinama kukaza nati ya toroli ambayo haikuwa imelegea. Mchungaji akatazama saa. Mimi nikajipapasa mifuko ya suruali nikitafuta kalamu, nayo ilikuwa mfukoni mwa shati, kila mtu anaiona.

Dada alisubiri. Kuku akajipandia torolini mwenyewe.