Bia Yenye Harufu ya Kliniki

Fundi mmoja wa lifti alikuwa na sifa moja iliyomtangulia kila alikokwenda: pua. Kazini walimwita Bwana Pua, naye hakuchukia, maana jina hilo alikuwa amelisotea. Mota ikianza kuungua kwa ndani, yeye alisikia harufu yake kabla kipimo hakijasema chochote. Nyumbani, pua hiyohiyo ilikuwa mzigo wa mkewe. Mama Pacha akiweka chakula mezani, fundi aliinama juu ya sahani, akavuta pumzi kama mkaguzi aliyetumwa kutoka wizarani, kisha akatoa hukumu: kitunguu hakikuiva, mafuta ni ya juzi, bizari imelala mno kabatini. Pacha wao walipokuwa wadogo walimwigiza mpaka wakapaliwa. Sasa walikuwa wakubwa, wanajitegemea mbali, na hukumu zote zilimwangukia mama yao peke yake.

Basi yakaja mafua. Fundi alishinda kutwa nzima ndani ya shimo la lifti lenye unyevu, akarudi anapiga chafya, akalala kitandani siku kadhaa. Homa ilikwisha, kikohozi kikaisha, lakini pua haikurudi. Alinusa kahawa, hola. Alinusa sabuni, hola. Alifungua chupa ya mafuta ya taa akaivuta kwa nguvu zake zote, ikawa kama ananusa maji. Mtu mwenye akili timamu angekwenda kwa daktari, au walau angemwambia mkewe. Yeye alijikaza kisabuni. Angeanzaje kumweleza mtu kwamba Bwana Pua hana pua?

Na hapa ndipo alipofanya jambo ambalo hata mwenyewe, akilisimulia leo, hushika kichwa. Kabla ya mafua alikuwa amejitapa kwa kila aliyekuwa tayari kusikiliza kwamba bia za dukani hazina harufu ya maana, na kwamba yeye angeagiza mashine atengeneze bia ya kweli. Kurudi nyuma kungezua maswali. Akaagiza mashine.

Ilikuja ndani ya boksi kubwa kiasi kwamba mlinzi wa jengo aliuliza kama ni friji. Ilikuwa pipa refu la chuma kinachong'aa, lenye kitako cha kuchemshia kwa umeme, pampu ya kuzungusha maji, kikapu cha ndani cha kutilia kimea, na kioo kidogo cha kubonyezea joto na saa. Kila kitu kilifanyika humohumo. Aliyemuuzia alimhakikishia kwamba hata mtoto angeweza. Fundi alicheka kwa dharau kidogo, kama mtu anayeshusha na kupandisha watu ghorofa kumi na mbili kila siku.

Akatwanga kimea cha shayiri, akakitia kwenye kikapu, akaweka joto, pampu ikaanza kunguruma. Mvuke ulipanda mpaka kwenye dari la jikoni. Mama Pacha alipopita, fundi alifumba macho, akavuta pumzi, akasema, "Unasikia hiyo?" Mkewe akasema anasikia. Fundi akatikisa kichwa kwa ridhaa, ingawa kwa upande wake angeweza kuwa anachemsha soksi. Baadaye akatia maua ya hopi yale machungu, akapoza, akamimina kwenye ndoo yenye mfuniko, akatia hamira, akaifungia ndoo katika kabati la stoo. Ndoo hiyo alikuwa ameiosha kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa wingi, maana maelekezo yalisisitiza usafi. Kuisuuza aliisuuza haraka haraka.

Siku zilizofuata alikwenda stooni asubuhi na jioni. Aliona mapovu yakipanda, akafurahi. Aliona pia kwamba mkewe alikuwa akiacha dirisha la stoo wazi, lakini hakuuliza. Bia ilipokwisha kutulia akaijaza kwenye chupa, akaalika watu Jumapili mchana: shemeji yake mpiga picha za harusi, ambaye ni mdogo wa kiume wa Mama Pacha, na Mwalimu, bibi mstaafu wa ghorofa ya juu, ambaye alipenda bia na hakumficha mtu. Mama Pacha alipendekeza wanunue na soda, kwa tahadhari tu. Fundi akakataa. Aliona kama anatukanwa.

Wageni walipoketi, fundi akasimama na glasi mkononi kama anafungua daraja. Aliwaambia wasinywe kwanza, wanuse. Aliwaeleza kwamba watasikia mkate uliotoka tanurini, halafu maua, halafu kwa mbali kabisa ganda la chungwa. Maneno hayo aliyatoa kwenye pakiti ya hopi, neno kwa neno. Kisha akanywa funda kubwa. Ulimi ulimwambia ni chungu, ni baridi, ina gesi. Akatabasamu.

Mwalimu alikuwa ameacha glasi yake hewani. Shemeji alinusa, akamtazama dada yake, akanusa tena.

"Shemeji," akasema kwa upole, "hii umetengeneza na daktari?"

Fundi akauliza ana maana gani. Shemeji akasema hataki kumvunja moyo, ila inanuka kama kidonda kilichofungwa plasta. Mwalimu akaongeza kwamba yeye imemkumbusha siku alipong'olewa jino. Wote wakamgeukia Mama Pacha, maana ndiye aliyefanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno, wapate uthibitisho wa kitaalamu. Mama Pacha alisimama, akasema anakwenda kutafuta soda.

Fundi akamfuata jikoni na chupa mbili kwapani. Akaanza kuzimimina kwenye sinki, kisha akasema bila kumtazama:

"Mama Pacha, mimi sisikii harufu."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu maziwa yalipoungua hapa, na wewe umekaa palepale unasoma gazeti."

Fundi akaweka chupa chini. Akamuuliza kwa nini hakusema. Mama Pacha alifuta glasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Baba Pacha, tangu unioe sijawahi kupika chakula kikaliwa bila maoni. Sasa unakula, unasema asante, unanawa mikono. Nikasema wacha nipumzike."

"Na bia?"

"Bia ilinuka kliniki tangu mwanzo. Ningekuambia, likizo yangu ingeishia hapo."

Fundi alitaka kukasirika. Alijipekua ndani, akatafuta hasira hiyo kama mtu anayetafuta funguo, asiione. Alichokiona ni mwanamume mzima, mtu wa heshima, aliyewasomea watu pakiti ya hopi. Kicheko kilimtoka puani, sehemu pekee ambayo hakuitarajia, na mkewe naye akashindwa kujizuia. Sebuleni, Mwalimu alikuwa ameshamtuma shemeji dukani.

Wiki ile alikwenda kwa daktari, akaambiwa pua huenda ikarudi polepole, huenda isirudi, avumilie. Kazini pia alisema ukweli. Wenzake wakamcheka mpaka chakula cha mchana, kisha wakamgawia kipimo kimoja cha ziada. Aliyemuuzia mashine naye akamfafanulia kwa simu kwamba dawa ile ya nguo, ikichangamana na kimea, huleta harufu ya hospitali, na kwamba hata maji ya bomba yenye klorini yatamharibia kazi.

Bia ya pili waliitengeneza wawili. Fundi alishughulika na umeme, pampu na joto. Mama Pacha, ambaye bia haijawahi kupita kooni mwake, alinusa. Alinusa maji akayakataa, wakanunua mengine. Alinusa ndoo, akamrudisha aisuuze upya. Mvuke ulipopanda, fundi akamuuliza inanukaje, na akagundua kwamba hakuwahi kumuuliza mkewe swali hilo hata mara moja. Mama Pacha akafikiri, akasema inanuka kama koti la baba yake akirudi kutoka kwenye kinu cha kusagia nafaka. Fundi hakumkatiza.

Bia ile ilinyweka. Mwalimu aliomba glasi ya pili, akampongeza Mama Pacha, si mwingine.

Siku hizi chakula kikiwekwa mezani, fundi huuliza kinanukaje. Mama Pacha hujibu kwamba leo kimetoka vizuri ajabu, pengine kuliko siku zote. Fundi anashuku kwamba si kila siku anaambiwa kweli. Ila hana ushahidi, kwa hiyo hula, husema asante, akaenda kunawa mikono.