Onyo kwa Mwenye Jina

Kampuni ya Dar es Salaam ambayo mimi ni wakala wake wa kuuza majina ya tovuti hapa Tunduma ilinitumia fomu ya maoni kuhusu mfumo wake wa usajili. Niliijaza kwa hasira, maana mteja wangu, dada Bushra, alikuwa amekaa mbele yangu.

Malori yake matatu yamechorwa jina la tovuti yake ubavuni, na wateja wa Nakonde, upande wa Zambia, wanalijua. Mwezi uliopita muda wa jina uliisha, mfumo ukalifuta, na mtu mwingine akalisajili. Sasa ukilifungua unakuta malori ya mshindani wake wa mji jirani wa Mpemba.

Niliandika kwamba wao wamekaa kwenye kiyoyozi, hawajui biashara ya mpakani. Niliandika kwamba jina la mtu halifutwi kama hesabu ya ubaoni.

"Waambie pia, Ashraf, kwamba hawakunionya," Bushra akasema.

Swali la mwisho liliuliza hilohilo: je, mwenye jina alitumiwa onyo kwa barua pepe?

Wateja wangu wengi hawana barua pepe. Mfumo hauruhusu kuacha sehemu hiyo wazi, basi wote huwa nawaandikia anwani yangu. Nikafungua barua zangu, nikatafuta jina la Bushra. Maonyo yalikuwa manne, hakuna hata moja nililolisoma.

"Umeshawaandikia?" akauliza.

Nilifuta maoni yote. Kwenye swali la mwisho nikajibu: Ndiyo. Kisha nikamgeuzia kompyuta asome jibu hilo na yale maonyo manne.