Fundi Mwenye Nyota

Kampuni iliyomwajiri Sostenes kukarabati mashine za mgodini Geita ilipopunguza watu, yeye hakulia. Alinunua bati, akaandika "Tunasuka Mota, Tunatengeneza Pampu", akalitundika Katoro kando ya barabara, kisha akaketi chini yake kungoja wateja. Alijiapia kwamba hatamnyenyekea tena mtu kwa ajili ya mshahara.

Wateja wenyewe wako wapi? Hali ilikuwa ngumu kwa kila mtu. Mashine ikiharibika, mwenyewe aliifunika turubai akangoja mambo yakae sawa.

Ndipo Maganga, mwenye duara moja, yaani shimo la dhahabu, kwenye machimbo nje ya mji, alipomwita amtengenezee pampu ya kutoa maji shimoni. Sostenes aliisuka mota vizuri, pampu ikanguruma, na siku hiyohiyo wachimbaji wakaupata mwamba wenye dhahabu. Maji yalikuwa yametoka, mwamba ukaonekana. Hakuna muujiza hapo. Lakini machimboni nani husifia pampu? Walisema fundi ana nyota.

Sostenes angecheka tu, yangeisha. Badala yake, njaa ya kazi ilivyokuwa imemkaba, alikwenda kwenye kibanda cha chai akatamba, "Mkono wangu mimi hauendi bure!" Alidhani anajitafutia wateja, kumbe anajifunga kamba mwenyewe.

Maganga hakumwachia tena. Alimpa chumba, akamlisha wali na nyama, akalifungia stoo sanduku lake la vifaa, eti lisiibiwe. Kazi ya Sostenes ikawa kukaa mdomoni mwa shimo asubuhi mpaka jioni, basi. Pampu ilipokwama walimkataza kuigusa, asije akachafua mikono yenye bahati. Walimleta fundi mwingine, tena mbabaishaji, na Sostenes akamtazama akichomeka nyaya ovyo huku moyo ukimuuma. Kila alipoomba kuondoka, Maganga alimpigapiga begani.

"Subiri tuuguse mwamba tena, fundi wangu. Haraka ya nini?"

Na wachimbaji, watu wa miraba minne, walisogea taratibu wakasimama njiani. Hakuna aliyemtolea neno baya. Sostenes aliogopa zaidi kwa sababu hiyo.

Siku moja Bi Zuhura akapiga simu. Huyu alikuwa na mashine za kukoboa mpunga mjini Shinyanga, na alitaka fundi mmoja wa kuzitunza zote. "Njoo Jumatatu, mwanangu. Usipofika nampa mwingine." Kazi ya kweli, ya mikono yake! Sostenes alijua akiikosa hiyo, ufundi wake umekwisha. Atazeeka pale mdomoni mwa shimo kama hirizi.

Akawaza. Wachimbaji wa pale hawakutaka mtu mwenye msiba akaribie duara, waliamini ana nuksi. Basi Jumapili asubuhi alitoka chumbani ameshika kichwa, na ulimi ukamtangulia.

"Mama yangu amefariki!"

Alitegemea kufukuzwa. Maganga alivua kofia, machozi yakamlengalenga. "Zimeni pampu," aliwaambia watu wake. "Mama wa fundi ni mama yetu. Tunakwenda kuzika."

Sostenes alikataa. Alisema njia ni ndefu, kazi itasimama, atakwenda peke yake. Kila alivyokataa ndivyo walivyoambiana kwamba uchungu unamchanganya. Wakachanga rambirambi, wakapakia mchele, turubai na majembe ya kuchimbia kaburi kwenye pikapu, wakamketisha katikati yao. Kuanzia Ushirombo mpaka Kahama, na kutoka Kahama mpaka Shinyanga, walimshika mikono. Simu yake aliishika Maganga, eti mfiwa asisumbuliwe. Sostenes akalia kwelikweli, nao wakaona ni haki yake.

Pale Ibadakuli, nyumbani kwao pembeni mwa mji wa Shinyanga, mama yake, Bi Lusia, alikuwa uani anapepeta mchele. Aliona wanaume wanashuka vichwa wazi, na majembe mkononi. Ungo ukamponyoka.

"Sostenes! Nani amekufa, baba?"

Maganga alimgeukia Sostenes. "Huyu ni nani?"

"Ndiye mama. Nilidanganya! Hakuna aliyekufa. Nilitaka kuondoka kwako. Sina nyota yoyote, Maganga, mimi ni fundi wa mota tu!" Aliyatoa yote kwa sauti, na kwa kitambo kidogo akajisikia mwepesi, mtu huru.

Maganga alimtazama Bi Lusia kuanzia miguuni mpaka kichwani. Kisha akapiga magoti palepale kwenye pumba.

"Shikamoo, mayu, mama yetu."

"Marahaba," akajibu mama wa watu, haelewi.

Maganga aliwageukia wenzake. "Mmeona? Kamlilia njia nzima, na mama kafufuka, kasimama! Hii nyota gani, jamani?"

"Nimesema nilidanganya!"

"Wenye nyota ndivyo mlivyo, fundi wangu, hamjijui."

Walimwachia Bi Lusia mchele wote kwa heshima, wakaigeuza pikapu, wakamshika tena Sostenes mikono, safari hii kwa nguvu kidogo. Alimgeukia mama yake. "Mama, waambie! Waambie wewe!"

Bi Lusia alikuwa ameshaelewa. Uani pale, ni yeye peke yake aliyeamini kwamba mwanawe alidanganya. Alimtazama mtoto aliyemzika mama yake angali hai, akaokota ungo wake, akaingia ndani, akafunga mlango.