Mashine ya Fundi Anselm

Mwaka ule wa 1957, warina asali wa Kaliua walikuwa wamechoka kumchagua mwenyekiti wao kwa foleni. Desturi yao ilikuwa kila mgombea asimame uwanjani na wanaomtaka wajipange nyuma yake, mchana kweupe, watu wote wakitazamana. Aliyeshinda alizikumbuka vizuri sura za waliosimama kwingine, na mwaka mzima uliofuata walikiona cha moto. Ndipo chama chao kikamwendea fundi Anselm wa Isevya, mjini Tabora, mtu aliyefanya kazi karakana ya reli miaka ishirini na miwili, kikamwomba awatengenezee kitu cha kupigia kura kwa siri.

Anselm hakutaka kuwatengenezea sanduku. Sanduku angeweza kulitengeneza yeyote. Aliwaundia mashine: kasha la chuma lenye midomo miwili, mmoja umechorwa mzinga wa nyuki, mwingine jembe. Mpiga kura anapewa kisahani kimoja cha bati, anaingia chumbani peke yake, anakitumbukiza katika mdomo anaoutaka. Kisahani kikigonga ulimi wa chuma ndani ya mdomo ule, tarakimu nyuma ya kasha zinasogea moja. Kitako chake alikipiga ribiti, misumari isiyofunguka, pande zote.

"Hata mimi siwezi kuifungua," alijigamba, "labda niivunje."

Karani wa chama aliyehesabu watu kwenye foleni akaonekana hana kazi tena. Fundi alisifiwa Isevya nzima mpaka kichwa kikavimba, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Uchaguzi wenyewe haukuwa wa mchezo. Raymundi, mgombea wa jembe, alikwisha kukubaliana na bwana misitu kwamba akishinda, mizinga yote itolewe katika msitu wa zamani na watu wagawiwe mashamba ya tumbaku mbali na pale. Lugembe, mgombea wa mzinga, alikataa katakata. Ukoo wake ulitundika mizinga katika msitu ule tangu babu yake alipokuwa akiwauzia nta watu wa misafara. Lugembe na Anselm walibatizwa siku moja, wakachunga pamoja, wakachapwa pamoja kwa viazi vya kuiba.

Siku moja kabla ya safari ya Kaliua, Koleta, mkewe fundi, alikuwa amekaa uani akivitunga visahani kwenye uzi kama anavyotunga uyoga wa kukausha. Kila kisahani kilikuwa na tundu katikati. Anselm alivitoboa hivyo makusudi, vitungike, visipotee njiani. Koleta akachukua kimoja chenye uzi, akakishusha katika mdomo wa jembe. Tak. Akakivuta juu, akakishusha tena. Tak. Akafanya hivyo mara ya tatu, kisha akaenda kutazama nyuma ya kasha.

"Baba Siwema, njoo uone. Mimi ni mmoja, hapa nimekuwa watu watatu."

Anselm alikuja, akazitazama tarakimu: tatu.

"Mashine yako inahesabu mishindo," Koleta alisema taratibu. "Haihesabu watu. Wapelekee habari mapema, mume wangu. Aibu ya leo ni ndogo."

"Nikisema, watarudi kwenye foleni zao."

"Na usiposema?"

"Nani atawaza uzi? Wewe umewaza kwa sababu ulikuwa nao mkononi." Akaikata mitungo yote, akavimwaga visahani katika kikapu. "Basi, uzi haupo tena. Yaishe."

Hayakuisha, maana matundu yalibaki palepale. Muda wa kukata visahani vipya haukuwapo. Gari moshi lilikuwa la alfajiri. Hayo ndiyo aliyojiambia, na nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine ilikuwa kiburi, naye alijua.

Kaliua watu walipiga kura tangu asubuhi. Anselm aliketi nje ya mlango wa chumba, shati jeupe, mikono magotini. Kila mtu alipoingia, Anselm alisikia tak moja, kisha mtu akatoka. Hali ikawa hivyo mpaka alipoingia Bernardo, shemeji yake Raymundi, mtu anayesifika kwa kutega kanga. Mtega kanga hafundishwi kazi ya uzi. Kisahani alikipokea, akakigeuza kidogo kidoleni, akaingia. Ikasikika tak. Kisha Bernardo akakohoa, na kila alipokohoa ikasikika nyingine, na nyingine, na nyingine.

Wengine walisikia kikohozi tu; Anselm alihesabu mpaka ishirini, akaacha. Moyo ulimwambia inuka, usukume mlango. Aliona macho ya watu waliomzunguka, jinsi walivyomtazama kwa heshima, akabaki amekaa. Bernardo alitoka akifuta jasho.

"Kifua hiki, fundi," alisema.

"Pole," Anselm akajibu.

Jioni tarakimu zilisomwa mbele ya bwana misitu: mzinga mia moja arobaini na nane, jembe mia mbili thelathini na moja. Kelele zikalipuka. Waliohudhuria hakuna aliyewaandika, wala visahani vilivyogawiwa hakuna aliyevihesabu, kwa hiyo hapakuwa na cha kulinganisha. Vijana wa upande wa Lugembe walianza kushika fimbo, ndipo Lugembe mwenyewe akainua mkono.

"Tulieni. Siri ya mtungi aijuaye kata. Yupo aliyeitengeneza." Akamgeukia Anselm. "Ndugu yangu, niambie mbele ya watu hawa. Kitu hiki kinaweza kusema uongo? Ukisema hakiwezi, kwangu yamekwisha."

Anselm alifungua kinywa. Alimwona bwana misitu ameshika kalamu, akaziona fimbo, akaliona jina lake lililochongwa juu ya kasha.

"Hakiwezi," alisema.

Lugembe akaenda akampa Raymundi mkono, na bwana misitu akatia sahihi.

Fundi aliirudisha mashine Isevya. Kwa siku mbili hakula kitu. Siku ya tatu alichukua patasi akazing'oa ribiti. Upande wa mzinga vilikuwamo visahani mia moja arobaini na nane. Upande wa jembe vilikuwamo tisini na sita. Alivihesabu mara mbili, akaviinamia, akalia kama mtu aliyefiwa.

Alifika msituni mwisho wa wiki, kikapu cha visahani begani. Lugembe alikuwa juu ya mti akifungua kamba za mzinga. Chini palikuwa na mizinga iliyokwisha kushushwa, makumi kwa makumi, na nyuki wamezagaa pasipo pa kwenda. Anselm akasimama pale chini, akaeleza yote: uzi, matundu, kikohozi cha Bernardo, visahani tisini na sita.

"Mashine yangu ilidanganya, Lugembe. Nisamehe. Twende kwa bwana misitu nikaseme."

Lugembe alilifungua fundo la mwisho.

"Bwana misitu amekwisha kutia sahihi, naye alichokitaka amekipata," alisema. "Na mimi mashine sikuiuliza kitu, Anselm. Nilikuuliza wewe."

Akaitupa kamba chini.

"Shika hiyo. Mzinga unashuka, na peke yangu siuwezi."

Anselm akautua mzigo wake, akaishika kamba.