Nusu ya Kidonge

Karani wa stoo hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Miaka ishirini na mbili alikuwa akihesabu bawaba, misumari na makopo ya rangi katika ghala la vifaa vya ujenzi, na kwake hesabu ilikuwa moja tu: kitu kikiingia kizima kikatoka nusu, basi kuna mtu kakitia mfukoni.

Sasa siku alipokwenda kumwona mama yake, aliyekuwa akiishi kwa mwanawe wa kiume, mdogo wake karani, akamkuta wifi yake jikoni na wembe, anakata kidonge katikati juu ya kisosi. Loo! Damu ikamchemka.

"Hicho cha nani?"

"Cha mama, wifi. Kile cha kuwashwa. Siku hizi anapewa nusu."

"Nusu? Nani kasema?"

"Kliniki. Walimpima damu, wakasema mambo ya figo."

Mambo ya figo! Tangu lini mtu akajikuna kwa figo? Mama wa watu, miaka sabini na tisa, mikono imejaa alama za kucha, halafu huyu anambania kidonge! Karani alitazama kichupa dirishani, akahesabu nusu saba. Alipotoka hapo alipitia duka la dawa, akanunua pakiti yake mwenyewe ya dawa ile ile.

Kuanzia siku hiyo akawa anapita kila jioni akitoka kazini. Wifi alimkaribisha, akatoka uani kuanua nguo. Hapo hapo karani akamsogelea mama kitandani, kidonge kizima mkononi.

"Meza, mama. Hii siri yetu sisi wawili."

Mama alimeza huku akicheka. Baada ya siku chache mikono ikatulia. Karani alitembea kifua mbele kama aliyeshinda kesi.

Wiki ya pili mama akaanza kusinzia mchana kutwa. Ya tatu, maneno yakawa yanamponyoka, akamwita karani kwa jina la shangazi aliyefariki zamani. Kisha akaanguka akienda msalani, akapasuka paji la uso. Habari zikamfikia karani. Huyu mwanamke anamlewesha mama yangu, akasema moyoni. Akampigia simu mdogo wake.

"Mkeo anampa mama kitu. Nakwambia mimi! Ama arudi kwao, ama namchukua mama yangu."

Mdogo wake akasema, "Kesho twende kliniki sote. Ikiwa kweli, dada, ataondoka."

Mfamasia wa kliniki alisoma karatasi za vipimo, akavua miwani.

"Dawa hii hutolewa mwilini na figo," alisema. "Wewe ukimeza leo, kesho imeshatoka. Figo za mama zimechoka, kwa hiyo inabaki, ya kesho inaikuta humo humo. Ndiyo maana tukapunguza ikawa nusu. Lakini nusu haimfikishi mtu hapa. Nani anampa nyingine?"

Mdogo wake alimgeukia mkewe.

"Nusu tu, mume wangu. Naapa."

Pakiti ilikuwa mkobani mwa karani. Akinyamaza, kesi imekwisha, mwanamke huyu anafungasha leo leo. Na alinyamaza, Mungu amsamehe, alinyamaza kabisa.

Mama ndiye aliyefumbua macho kwenye kiti cha magurudumu. Akaupapasa mkono wa karani.

"Huyu ndiye mwanangu," alimwambia mfamasia kwa ulimi mzito. "Ananipa kizima. Kila jioni. Huyu ananipenda."

Karani akafungua mkoba, akaiweka pakiti juu ya meza.

"Nilidhani anamwibia," alisema.

Wifi alijifuta machozi kwa kiganja. Hakutukana, na heri angetukana.

"Tutamlaza mpaka dawa itoke," mfamasia alisema. "Mtu mmoja akae naye. Nani?"

"Mimi," karani alisema upesi. "Ni mama yangu."

"Hapana, dada," mdogo wake alisema bila kumtazama. "Atakaa mke wangu. Wewe tutakuambia siku ya kuja kumwona, na mkoba utauacha mlangoni."

Wifi alishika vishikio vya kiti, akamsukuma mama taratibu kuelekea wodini.