Leseni ya Kifua cha Evarista

Jumanne asubuhi, sokoni Chimala, Evarista alikuwa akichambua mchele alipokohoa, na punje ya dhahabu ikaangukia kwenye ungo. Akaitenga pamoja na mawe mengine, akaendelea na kazi. Isihaka, mwenye mchele, ndiye aliyeiokota, akaiuma, akasema ni dhahabu kweli. Hakuna aliyeshangaa. Evarista alikuwa ameponda mawe miaka kumi na minne katika machimbo ya Chunya, pua ameifunga kwa kipande cha kanga, na vumbi lote lile lazima lingetokea mahali.

Mdogo wake, Bertha, akampeleka zahanati. Tabibu alisikiliza kifua, akasema hilo ni suala la madini, si la afya, akawaandikia barua.

Basi akaja afisa wa madini, Bwana Kalinga, amevaa buti za mgodini ambazo hazijawahi kuona tope. Akaeleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mbuzi kusoma, kwamba madini yote yaliyomo ardhini ni ya serikali. Bertha akamwambia kwamba dada yake si ardhi. Afisa akafungua faili: binadamu ametoka udongoni na udongoni atarudi, kwa hiyo ni ardhi iliyochelewa kidogo.

Leseni akapewa Adrian, shemeji wa afisa, ambaye hajawahi kuponda hata karanga. Dhahabu ikapelekwa kufuliwa sarafu za ukumbusho, zenye sura ya mwanamke anayeponda mawe. Evarista akaomba aione moja tu. Akajibiwa kwamba si za watu wa kawaida.

Bertha alipoomba dawa, afisa alisikitika sana.

"Dawa itasimamisha uzalishaji, mama."

"Dada yangu hapumui."

"Anakohoa?"

"Anakohoa."

"Basi anapumua."

Evarista, aliyekuwa akikoholea kwenye bakuli lenye nembo ya serikali, aliwasikia. Tangu siku hiyo akawa anameza. Alimeza siku tatu, wakamletea onyo la kutorosha madini. Hakulisoma. Alhamisi akafa, kinywa amekifumba.

Alizikwa Jumamosi, nyuma ya nyumba. Jumatatu Adrian akaja na lori, vibarua sita wenye majembe, na leseni iliyobakiza miaka minane. Bertha akaisoma mwanzo hadi mwisho, akaona muhuri ni halali. Waombolezaji wakainuka, wakakunja mikeka ya matanga, lori likapita.